Taya Langu na Mkamwana Wangu

Jumatatu, 7 Juni 1993

Baridi. Ukungu mpaka ndani ya duka. Nimeamka, nikapiga mwayo, kitu kikalia ta! upande wa kulia, mbele kidogo ya sikio. Nikadhani kitanda kimevunjika. Mama Innocent amesema kitanda kizima, kilicholia ni taya langu.

Maumivu yamepanda hadi sikioni na kwenye paji la uso. Sikuyajali. Mfanyabiashara hana muda wa kuumwa. Tangu biashara iachiwe huru na mizigo ianze kushuka kutoka mpakani Kasumulu na Dar es Salaam, mtu mwenye akili hapa Tukuyu halali. Nilipoacha kazi ya kupima majani kwenye kiwanda cha chai watu walinicheka. Sasa nina duka mtaa wa Bulyaga, na ndani yake katoni za chingamu zimegusa dari. Watu bado hawajazoea. Ndiyo maana naketi mlangoni natafuna mwenyewe, asubuhi mpaka jioni, wapita njia wanione. Biashara matangazo.

Mama Innocent ameniambia huenda taya limechoka kutangaza. Ni mke mwema, ila biashara haijui.

Jumanne, 8 Juni

Mazoezi ya kwaya. Jubilei ya ushirika wetu wa kanisa ni Jumapili ya tarehe 20, wageni watatoka hadi Mbeya, na mwalimu wa kwaya, Geresoni, amenipa ubeti wa besi niuimbe peke yangu. Peke yangu! Ambilikile, fundi cherehani, jirani yangu ukuta kwa ukuta, aliutaka ubeti huo tangu Pasaka. Naye ni besi, ingawa besi yake ni ya mtu aliyetumbukia ndani ya pipa.

Leo nilipofika kwenye Haleluya ya mwisho, ile ndefu, taya likalia ta. Geresoni akasimamisha kwaya na kuuliza nani anapiga makofi nje ya wakati. Ambilikile akasema si makofi, ni mzee Isakwisa anakatika. Akaongeza kwamba ikibidi yeye yuko tayari.

Haitabidi.

Alhamisi, 10 Juni

Kande zimenishinda. Nimezimumunya kama mtoto mchanga kisha nikazirudisha kwenye sahani. Innocent, mwanangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwepo akaona. Akauliza kwa nini nateseka wakati tabibu wa meno tunaye ndani ya ukoo.

Hapo ndipo pagumu. Tabibu wa meno pale hospitali ni Anneth, mke wa huyo huyo Innocent. Mkamwana wangu.

Kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mkamwana hawaonani. Akipita njia hii, mimi nashika ile. Hatusalimiani, hatuli pamoja, hatutazamani. Siku hizi wengi wameacha, na mchungaji anasema kuacha si dhambi. Ambilikile ameacha kabisa. Mkamwana wake humpa chai mkono kwa mkono, na yeye huinywa barazani ili tumwone jinsi alivyo wa kisasa. Ndiyo maana siku ya harusi ya Innocent nilisimama mbele ya watu wote nikatangaza kwamba nyumba yangu itashika mila mpaka niingie kaburini. Nilipigiwa vigelegele. Ambilikile alitazama viatu vyake. Ilikuwa siku nzuri sana.

Anneth mwenyewe ni Mnyaturu wa Singida, serikali ndiyo iliyomleta huku. Mila hii si ya kwao. Lakini Mama Innocent alimfundisha, na amefuzu kuliko mabinti waliozaliwa hapa. Akisikia kikohozi changu tu, ametoweka. Sura yake siijui. Namjua kwa visigino.

Nimemwambia Innocent siendi. Isitoshe, hili ni jino tu.

Ijumaa, 11 Juni

Nimekwenda Masukulu kwa mzee Amoni, anayeng'oa meno kwa koleo nyuma ya nyumba yake. Aliniuliza ni jino lipi. Nilimwambia mtaalamu ni yeye. Akagonga moja baada ya jingine kwa mpini wa kijiko, nami kila mara nikasema hapana, hilo haliumi. Akakuna kichwa. Nikaona atanirudisha mikono mitupu baada ya kupanda vilima vyote vile, nikamwonyesha gego la nyuma upande wa kulia, kwa sababu lilikuwa jirani na maumivu.

Akasema, “Fumilia, gwe, ni halaka tu.”

Haikuwa haraka. Jino limetoka zima, jeupe, halina hata tundu la kuingiza sindano. Mzee Amoni mwenyewe alilitazama kwa huruma. Nimelirudisha nyumbani ndani ya leso. Maumivu nayo nimerudi nayo, yako palepale. Mama Innocent ameuliza kama nilichagua lile zuri makusudi.

Jumatatu, 14 Juni

Mpango. Mpango safi kabisa.

Nilipata habari za uhakika kwamba leo Anneth anakwenda Ikuti kukagua meno ya watoto wa shule, na hospitali anabaki msaidizi wake. Nilizipata kwa Mama Innocent kwa kumzungusha na maswali ya mvua na barabara, hakushtuka. Nikavaa koti langu kubwa, kofia ya kufuma hadi kwenye nyusi, na skafu kuzunguka shavu. Mapokezi nikaandikisha jina la Ambilikile, ili mambo yakiharibika yasiharibikie kwangu.

Nikakaa kwenye benchi. Watu wachache. Nikajipongeza.

Kumbe barabara ya Ikuti imekatika kwa matope na gari limegeuza. Mlango ukafunguka, sauti ya upole ikaita Ambilikile. Nikainua macho kidogo, nikaona visigino. Visigino ninavyovijua. Nikaishiwa pumzi, nikakohoa. Yeye akaruka nyuma ya kabati la dawa. Mimi nikaruka kwenye mlango wa kwanza niliouona.

Ulikuwa mlango wa kliniki ya wajawazito. Wanawake wa watu walinikaribisha vizuri, wakasogea, wakanipa nafasi. Nesi bila kuinua kichwa akaniambia nivue viatu nipande kwenye mizani.

Jioni Ambilikile amekuja dukani kuuliza kwa nini mji mzima unamcheka kwamba amemkimbia tabibu wa meno akaenda kujificha kwa wajawazito. Nimemwambia watu wa Tukuyu wana maneno sana, asiwajali.

Jumatano, 16 Juni

Mama Innocent amechoka kunisikia nikigumia. Amepanga lake bila kuniuliza. Leo mchana kaniweka sebuleni, kwenye kiti, uso kwenye kalenda. Anneth kamweka jikoni. Katikati ukuta. Yeye mwenyewe akasimama mlangoni, huku anaona, na huku anaona.

Basi nikatibiwa kwa kupokezana maneno. Anneth anauliza jikoni, Mama Innocent ananiletea sebuleni, najibu, anarudisha. Maumivu ni makali asubuhi au jioni? Maji ya baridi yanauma kwenye jino? Taya huwa linakwama? Mengine Mama Innocent aliyajibu moja kwa moja bila kunipitisha. Alipoulizwa kama nasaga meno usingizini, alisema mashine ya kukoboa pale sokoni ina nafuu, maana umeme ukikatika inanyamaza. Alipoulizwa kuhusu kutafuna, alisema mengi zaidi. Nikamwomba apunguze. Akaongeza.

Kisha akaagizwa aweke vidole viwili mbele ya masikio yangu, nifungue mdomo polepole. Halafu abonyeze shavuni, kwenye ule mnofu unaotutumka mtu akiuma meno. Akabonyeza. Nikaipiga kalenda kichwa.

Jibu limekuja kupitia mlangoni. Si jino, na halijawahi kuwa jino. Ni kiungo cha taya pamoja na misuli yake, vimechoshwa na kutafuna mchana kutwa na kusaga meno usiku. Maumivu ya hapo hutembea, huingia sikioni, hupanda kichwani, hujifanya jino, na watu wengi wameng'oa meno mazima kwa kudanganywa nayo. Mara nyingi hupoa bila kukata wala kuchoma chochote. Kitambaa cha maji ya moto shavuni. Chakula laini. Mdomo nisiupanue, na mwayo ukija nishike kidevu. Meno ya juu na ya chini yasikae yamegusana wakati sili. Chingamu marufuku, hata moja. Na asubuhi na jioni nifanye mazoezi mepesi ya taya.

Mama Innocent alikuwa ndiyo kwanza anaanza kunieleza hayo mazoezi yakoje, maziwa yakafurika jikoni, akakimbia. Sikuona haja ya kumrudisha. Mazoezi nayajua, nilicheza mpira.

Baadaye aliniletea neno moja la mwisho, ambalo si la kitabibu. Anneth anasema ananisikia nikikohoa na kugumia kila anapokuja kumsalimia mama mkwe wake, na inamuuma kwamba hajawahi kuweza kuniambia pole. Nikasema aambiwe asante, kisha nikainyoosha kalenda niliyoipiga kichwa.

Ijumaa, 18 Juni

Dawa ya mkamwana inafanya kazi. Kitambaa cha moto ni raha tupu. Nakula ndizi za kuponda na parachichi, Mama Innocent ananipondea kwa mkono wake na kunung'unika kwa upendo. Ta imekuwa ndogo. Jana niliisikia mara moja tu, tena kwa mbali.

Sasa mazoezi. Nimelifikiria jambo hili kwa kina. Mtu hawezi kujenga mkono kwa kunyanyua hewa, lazima anyanyue kitu. Taya nalo ni vilevile. Kwa hiyo nimeweka chingamu mbili upande wa kulia na mbili wa kushoto ili nisiwe na upendeleo. Marufuku ilikuwa ya kutafuna. Mimi sitafuni, nafanya mazoezi. Tena nafanyia stoo nyuma ya magunia ya chumvi, kwa hiyo si matangazo na hakuna anayeweza kulalamika.

Kesho ni mazoezi ya mwisho ya kwaya. Ambilikile nimemsikia kupitia ukutani akiimba ubeti wangu huku anashona. Maskini.

Jumamosi, 19 Juni

Sijui nianzie wapi.

Kanisa lilijaa watu waliokuja kusikiliza mazoezi ya mwisho. Ubeti wangu ulianza vizuri, besi ikashuka mpaka sakafuni. Nikafika kwenye Haleluya ya mwisho. Nikaifungua. Ta! Halafu haikufungika. Mdomo wazi, kidevu kimesogea mbele kama droo iliyotoka kwenye meza. Geresoni alidhani narefusha sauti, akafumba macho kwa furaha. Alipoona narefusha bila sauti akaniashiria nikate. Sikuweza kukata.

Aliyegundua ni Ambilikile. Lazima niseme ukweli kwenye karatasi hii. Yeye ndiye aliyetupa kitabu chake cha nyimbo, akanipakia nyuma ya baiskeli na kunikimbiza hospitali, mate yangu yote yakimwagika kwenye shati lake la Jumapili. Njia nzima aliniambia nisiogope, na hakucheka mpaka tulipofika.

Anneth alikuwa peke yake kwenye zamu. Mimi nikanyoosha kidole kwenye barabara ya Mbeya, kwamba nipelekwe huko kwa mganga asiye mkwe. Mama Innocent, aliyefika akitweta, alikishusha kidole changu kama anavyomshusha kuku mezani.

Lakini Anneth hakuingia. Alikuwa nyuma ya mlango. Nilimsikia akimwambia mama mkwe wake kwamba yeye kwa upande wake haoni tatizo, ila baba aliapa mbele ya watu, na hataki kumvunjia baba heshima akiwa hawezi hata kusema ndiyo au hapana. Nilikuwa nimekaa pale, mdomo wazi kama pango, ninatunziwa heshima.

Mama Innocent akafungua kitenge chake cha begani, akanifunika kuanzia puani kwenda juu. Akasema haya, hakuna anayemwona mtu. Giza. Harufu ya moshi wa jikoni na sabuni ya kufulia. Halafu mikono. Midogo, imara. Vidole gumba viwili vimezungushiwa bandeji, vikaingia mpaka kwenye magego, kimoja kikatua palepale kwenye pengo la mzee Amoni. Sauti ikaja karibu sana na sikio langu, haikupitia kwa mtu yeyote.

“Legeza shingo. Pole, tata. Ni kidogo tu.”

Tata. Mtoto wa Singida, kaniita baba kwa Kinyakyusa.

Akakandamiza chini, akasukuma nyuma. Likaingia. Nililia chini ya kitenge, na sikulia kwa maumivu, maumivu yalikuwa yamekwisha. Nililia kwa sababu nina mtoto wa kike ndani ya ukoo huu na nilikuwa siijui mikono yake.

Nimefungwa bandeji kutoka kidevuni hadi utosini. Nisipanue mdomo. Nisiimbe. Mama Innocent amefichua pia mambo ya nyuma ya magunia ya chumvi. Kumbe mazoezi yenyewe ni kuweka ncha ya ulimi juu ya kaakaa na kufungua mdomo taratibu, basi. Hayana uzito wowote. Mtu angeniambia.

Jumapili, 20 Juni

Jubilei. Ambilikile ameimba ubeti wangu. Ameimba vizuri. Kalamu imegoma mara mbili kuandika hilo. Wageni walimshika mkono. Mimi nimekaa safu ya mbele na bandeji yangu, na mgeni mmoja kutoka Mbeya amenipa pole ya ajali ya pikipiki. Kwa kuwa sikuweza kusema, sikuweza kukanusha.

Anneth alikaa upande wa wanawake, amenipa mgongo, kama mila inavyotaka. Baada ya ibada wazee walijadili kama mila imevunjika. Mama Innocent akawauliza kama mtu akifunikwa macho ameonana na nani. Wakaridhika. Wakanisifu kwamba hata katika shida nilisimama imara.

Mimi sikufurahi. Nilikuwa nautazama ule mgongo.

Alhamisi, 24 Juni

Bandeji imetolewa. Neno langu la kwanza nimemwambia Mama Innocent. Nimesema imetosha. Mkamwana wangu aje anisalimie kama binadamu. Nilidhani atashangaa. Amesema alikuwa anangoja tu nifunguliwe mdomo niseme mwenyewe.

Amekwenda kumwambia, amerudi na jibu. Anneth atakuja Jumamosi na Innocent. Uso kwa uso. Nimefagia duka mara mbili na sijui kwa nini, maana hatakaa dukani.

Halafu, nikiwa nafagia, nikafikiri. Mkamwana wa Ambilikile anampa chai. Chai tu! Hata mhudumu wa hoteli anatoa chai. Wa kwangu ameshika taya langu kwa mikono miwili, ameingia mpaka kwenye magego. Katika wilaya nzima ya Rungwe ni baba mkwe gani anayeweza kusimama na kusema hivyo? Mimi ndiye wa kisasa hapa. Ambilikile ataambiwa.

Jumamosi, 26 Juni

Nilimwita Ambilikile mapema, awe shahidi. Alikuja na shati lake lililofuliwa, tukakaa sebuleni. Nilimweleza yote, tena vizuri, tangu kitenge hadi gego. Akasema ananiheshimu ila hapo naongeza chumvi. Vidole gumba viwili haviwezi kuingia mdomoni mwa mtu hadi nyuma kabisa. Alikuwepo siku ile lakini alibaki nje na baiskeli, hakuona. Akasema mkamwana wake yeye akileta chai kila mtu anaiona.

Sasa mtu angefanya nini? Nikamwonyesha. Nikaufungua mdomo kama siku ile, nikamwelekeza kwa kidole.

Ta!

Ambilikile alinitazama. Mimi mdomo wazi tena, haufungiki. Kisha akakaa sakafuni na kucheka mpaka machozi, akaita Mama Innocent huku anacheka. Wakati huohuo hodi ikapigwa. Walikuwa wamefika, Innocent na mkewe.

Mama Innocent akashika kitenge chake na kuniuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa. Akakirudisha begani.

Anneth akaingia, akasimama mbele yangu. Kumbe ana mwanya. Kumbe ana kovu dogo juu ya nyusi, na macho ya mtu anayejizuia kucheka na anashindwa. Akapiga goti akasema shikamoo, baba. Nikajibu marahaba, mwanangu. Ilitoka “aahaa, aaahaa”, mate yakanidondoka kifuani, lakini aliielewa. Hapo ndipo sote tulipocheka, mimi kwa njia niliyoweza. Akanawa mikono, akarudisha taya mahali pake mchana kweupe, tukitazamana. Baadaye ametulisha ndizi kwa mikono yake, mimi nikipondewa.

Nimefungwa bandeji tena. Amesema safari hii nisiifungue mpaka aifungue yeye, na nisimwonyeshe mtu yeyote chochote. Ni mtoto mwenye huruma sana. Kesho nitamwonyesha tena Ambilikile, ila polepole zaidi, maana alikuwa amekaa upande wa dirishani na nina hakika hakuona vizuri.